Nilipeleka printa Chake, nikarudi na kazi

Konda wa gari ya Chake Chake, hapa Pemba, alinidai nauli ya printa. Nilikuwa nimeipakata, nimeifunga kanga kuukuu vumbi lisiingie, naye akanambia mbele ya watu, "Bi mkubwa, huyo mtoto wako kakaa kiti cha abiria." Hakukaa kiti cha mtu, alikuwa mapajani pangu. Tukajibizana nusu ya njia, gari zima likawa upande wangu, na mwisho nikalipa nusu nauli ili nipate kupumua. Naanza na hilo kwa sababu watu wakiniuliza niliingiaje kwenye mambo haya ya programu huria, yaani zile ambazo kila mtu ana ruhusa ya kuzitumia, kuzichungulia ndani na kuzibadilisha, wanangoja nitaje kozi au cheti. Mimi niliingia na printa mapajani.

Nina duka la stesheneri Wete, karibu na skuli. Natoa kopi, nachapa barua, natayarisha karatasi za mitihani, nalamineti vyeti. Zamani nilikuwa karani wa afisi, na taipu nilijifunza kwenye mashine ya chuma inayouma vidole. Kompyuta kwangu ni kama mbuzi ya kukunia nazi: chuma chake kilifuliwa wapi hainihusu, ilimradi nazi itoke.

Kilichonihamisha ni flashi za wanafunzi. Kila anayefanya kazi yangu anakijua kile kirusi kinachoficha mafolda yako na kuweka mahali pake vijia vya mkato vyenye jina lile lile. Mtoto anabonyeza akidhani anafungua kazi yake, kumbe anakiamsha kirusi, nacho kinaingia kwenye mashine yangu, na kila flashi itakayochomekwa baada yake inaondoka na zawadi. Kulikuwa na kijana akija kunipigia Windows upya kila baada ya miezi miwili mitatu, nakala isiyo na leseni, elfu ishirini mkononi. Wa kumlaumu sina, kitu cha magendo hakina dhamana.

Siku moja mpwa wangu anayesoma Unguja alikuja likizo na laptopu yenye Ubuntu, mfumo huria unaokaa mahali pa Windows. Dukani palikuwa na msichana wa kidato cha nne analia kwa ajili ya insha yake. Mpwa wangu akaichukua ile flashi akaichomeka kwake, na mafolda yote yakajitokeza, pamoja na moja lisilo na jina ambalo ndani yake ndimo zilimofichwa kazi zote. Vile vijia vya mkato navyo vilikuwepo, vimekaa kando, ukivibonyeza havifanyi kitu. Kirusi kiliandikwa kwa ajili ya nyumba nyingine, hapa hakikupata pa kushika. Na ile alama ya kuficha mafaili mfumo huu hauijali, ukaonesha kila kilichomo. Msichana akapata insha yake. Mimi nikamwambia mpwa wangu, niwekee hiyo hiyo.

Akaniwekea 22.04. Nikauliza namba gani hiyo, akasema ni mwaka na mwezi: ilitoka Aprili 2022, na matoleo ya namna hiyo, yanayotoka kila baada ya miaka 2, yanatunzwa kwa miaka 5. Hilo lilinipendeza. Kitu kinachokwambia kimezaliwa lini na kitaangaliwa mpaka lini, kama paketi ya maziwa. Jirani yangu mwenye duka la vitambaa alisikia jina Ubuntu akasema, "Si utu huo?" Ndiyo, ni utu kwa lugha za kusini, aliyeianzisha mwaka 2004, Mark Shuttleworth, ni mtu wa Afrika Kusini. Jirani akaridhika kuliko nilivyoridhika mimi, kwa sababu mpwa wangu alipanda boti akarudi Unguja, na asubuhi yake printa ikagoma.

Ndipo nikaelekezwa Chake, kwa vijana wanaokutana Jumamosi baada ya alasiri.

Kikundi chenyewe hakina jina. Kina chumba cha ghorofani nyuma ya duka moja, mabenchi mawili, feni inayozunguka kwa hisani, na maalim wa hesabu ambaye ndiye mkubwa wao bila ya kuchaguliwa na mtu. Siku ile walikuwa saba, wanaume sita na binti mmoja. Niliingia, nikatoa salamu, nikaweka mzigo wangu mezani, nikafungua kanga. Wakaitazama printa kama watu walioletewa papa.

Baadaye ndipo nilipoelewa kwa nini. Miongoni mwa wote saba, hakuna aliyekuwa na printa nyumbani. Watu wanajua kumwambia mashine maneno ambayo mimi hata kuyatamka siwezi, lakini karatasi wanakwenda kutoa kwa mtu kama mimi. Na jambo jengine, hakuna aliyeniuliza nafanya kazi gani. Waliuliza toleo gani, kerneli ipi, kebo ipi. Kijana mmoja, wala hakuwa na nia mbaya, akasema, "Mama, hilo liko kwenye mwongozo." Nikamwambia mwongozo nimeuona, ni Kiingereza kitupu, na mimi kesho saa moja asubuhi nina mitihani ya darasa la sita, nakala mia na ishirini. Maalim akamtazama yule kijana, yule kijana akatazama feni.

Basi wakaanza. Niliyojifunza ni haya, nayaeleza kwa sababu kuna mtu mahali ana printa kama yangu. Printa nyengine zinajua lugha: ukizipelekea ukurasa kwa PostScript au PCL, zenyewe zinajua kuuchora. Yangu haijui lugha yoyote. Inangoja kompyuta iipikie kila nukta na kuilisha mdomoni. Tena ina ugonjwa wa kusahau: ukiizima, ile programu ndogo inayoiendesha ndani inapotea, na ukiiwasha lazima kompyuta iipelekee tena. Kwenye mfumo wa zamani jambo hilo lilifanyika kimyakimya, sikuwahi kulijua. Huku hakukuwa na wa kulifanya. Sasa fikiri hapa kwetu, ambako umeme unaweza kukatika mara tatu kabla ya adhuhuri, na kila ukirudi printa inaamka haijui jina lake.

Ilichukua Jumamosi tatu. Yule binti ndiye aliyepata dawa: dereva inayoitwa foo2zjs, iliyoandikwa na watu kwa ajili ya printa za aina hiyo, pamoja na kanuni ndogo inayoambia kompyuta kwamba kila printa hii ikionekana kwenye kebo, ipelekee faili lake bila ya kuulizwa. Kisha akanionesha kuandika localhost:631 kwenye kivinjari, ukafunguka ukurasa wa CUPS, yaani karani mkuu wa mambo yote ya kuchapa ndani ya Linux, ambayo ndiyo msingi wa Ubuntu, pale unaiona foleni yako na kazi iliyokwama. Karatasi ya kwanza ilipotoka, chumba kizima kilipiga makofi. Ilikuwa karatasi ya majaribio tu, lakini niliichukua, na mpaka leo imebandikwa dukani.

Siku zile zote tatu nilikuwa na kauntabuku yangu ya madeni. Nikageuza upande wa nyuma nikaandika kila kilichofanywa, kwa Kiswahili, kwa mpangilio wake, hata yale yasiyofaa: "Hii haikusaidia. Hii iliharibu zaidi." Ni tabia ya ukarani, sikuwa na nia nyengine.

Baada ya wiki kama tano akaja mwalimu kutoka upande wa Mkoani na printa ya ukoo ule ule. Vijana wakafurahi, hii tunaijua. Wakakaa. Wakatazamana. Yule binti akasema, "Kuna faili nililihamisha, lakini wapi..." Hakuna aliyekumbuka! Watu hawa wanatengeneza kitu kwa ustadi mpaka unataka kulia, kisha wanakisahau kama ndoto ya alfajiri, kwa sababu raha yao ilikuwa kwenye kutafuta. Nikatoa kauntabuku kwenye mkoba, nikafungua kwa nyuma, nikasoma mstari kwa mstari. Dakika arobaini, printa ya mwalimu ikafanya kazi.

Tokea siku hiyo sikuwa mgonjwa tena, nikawa mwenye daftari. Kila Jumamosi nakaa mwisho wa benchi naandika. Nikaweka na sharti, na maalim akaliunga mkono: anayemsaidia mwenziwe asiguse kibodi yake. Amwambie, mwenyewe aandike. Mwanzo walilalamika kwamba inachelewesha. Inachelewesha kweli. Lakini mtu akiandika kwa vidole vyake anauliza, na akiuliza mimi napata cha kuandika.

Daftari hilo sasa lina kurasa nyingi za makosa ya watu. Moja lililowafaa wengi ni la mitihani. Mwalimu anatayarisha mtihani kwenye Word, analeta, mimi nafungua kwa LibreOffice, programu huria inayofanya kazi za Word, jadweli inaruka ukurasa wa pili na swali la tano linabaki bila ya picha. Watu wakasema programu ya bure ndivyo ilivyo. Siyo. Fonti ya Calibri haimo ndani ya Linux, kwa hiyo kompyuta inaweka fonti nyengine yenye herufi pana kidogo, mstari unarefuka, ukurasa unamwagika. Dawa ni fonti inayoitwa Carlito, ambayo kila herufi yake ina upana ule ule wa Calibri. Na kama mwalimu katumia Cambria, iko Caladea. Ukiziweka hizo, jadweli inarudi ilipokuwa. Ukurasa huu wa daftari umetolewa kopi mpaka umechakaa.

(Na la bure: vijana walidhani nitaona haya kuwalipisha wateja kwa kazi iliyofanywa na programu huria. Sioni haya. Richard Stallman, aliyeanzisha harakati hizi mwaka 1983, amesema miaka yote kwamba uhuru si bei, na leseni yake ya GPL, inayolinda uhuru huo, haimkatazi mtu kuuza. Toneri hainiletei malaika.)

Kisha likaja suala la lugha, na hapa ndipo nilipogombana na kila mtu.

Kutafsiri programu za ofisi kwa Kiswahili si jambo jipya. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, na LibreOffice, iliyojitenga na OpenOffice mwaka 2010, ilirithi sehemu ya kazi ya watangulizi. Siku hizi tafsiri zake zinafanywa kupitia Weblate, ambayo nayo ni huria: unapewa sentensi moja moja, unapendekeza yako, mwengine anaikagua. Maalim akasema kila mtu achukue kumi kumi tujaribu. Nikaona kazi rahisi, mimi karani mzima.

Ya tatu ikanishinda. Ilikuwa neno moja tu la kuonesha kwamba kitu kimefutwa. Nikaandika "imefutwa". Binti akauliza, "Nini imefutwa?" Nikajibu sijui, sentensi haisemi, ni kitu chochote. "Basi likiwa faili?" Limefutwa. "Ukurasa?" Umefutwa. "Kiungo?" Kimefutwa. Tukanyamaza. Neno la Kiingereza halijali limemfuata nani, la kwetu linavaa nguo ya mwenyewe. Tulikaa juu ya neno hilo mpaka adhana ya magharibi. Mwisho tukaandika "Tayari kufutwa", kesho yake tukagundua inasomeka kama onyo kwamba kitu kiko tayari kwenda kufutwa, na mtu angeweza kutoka mbio. Tukaandika upya: "Ufutaji umekamilika". Refu, lakini halimdanganyi mtu. Nilijifunza pia kutogusa zile alama za %1 na %s ndani ya sentensi, maana programu inaweka namba au jina mahali pake; nilimfutia mmoja kwa kudhani ni uchafu wa taipu, nikarudishiwa kazi.

Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya neno la kutoa karatasi. Wenzangu wanataka "chapisha". Nikawaambia nina duka miaka, hajaingia mtu akanambia nichapishie. Kuchapisha ni gazeti na kitabu. Kuchapa ni taipu, au mtoto mtundu. Wateja wangu, mzee kwa kijana, wanasema "nitolee": "Bi, nitolee hii nakala mbili." Maalim akasema "toa" ina maana nyingi, mtu anaweza kudhani anaondoa kitu. Nikamwambia mbona dukani hakuna aliyewahi kudhani. Akasema Kiswahili sanifu kina utaratibu wake. Hapo nikamkumbusha kwamba mwaka 1928 waliokutana Mombasa walichagua Kiunguja kiwe msingi wa hicho sanifu, na sisi Wapemba tumeshazoea maneno yetu kuamuliwa ng'ambo ya maji, nimwachie hilo nalo. Walicheka sana, kisha wakapiga kura, nikashindwa. Ni "chapisha". Dukani kwangu ni "toa".

Msimu wa karafuu kikundi kilikufa kidogo. Hilo watu wa mijini hawalifikirii wanapopanga ratiba. Karafuu zikiwa tayari hazingoji, lazima zichumwe kabla hazijafunguka maua, kisha zichambuliwe usiku, zianikwe, zikimbizwe mvua ikinyesha. Vijana wanne walikuwa mikarafuuni, maalim yuko kwa wazazi wake anachambua, chumba kina mimi na binti na harufu ya makonyo inayoingia dirishani. Tukautumia muda huo kunakili daftari kwenye kompyuta. Hatukuiahirisha hata Jumamosi moja, ingawa moja kati yake tulikunywa chai tu.

Sasa nieleze la mzee, maana hilo bado linaniuma na kunichekesha.

Alikuja dukani mzee wa makamo ya baba yangu na karatasi za marehemu babake: orodha ya mikarafuu ya shamba na mipaka yake, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Karatasi zimekuwa kama ganda la kitunguu. Akasema, "Mwanangu, nataka inakiliwe vizuri niwape wajukuu." Nikazipokea kwa mikono miwili.

Jumamosi nikazipeleka Chake na watu wakaamka. Kwanza ni kuiwezesha LibreOffice kuandika kutoka kulia, ni suala la kuweka alama kwenye mipangilio ya lugha. Kisha fonti: tukachukua Amiri ya Khaled Hosny, Mmisri, aliyeifufua kutoka kwenye herufi za matbaa ya Bulaq ya Cairo za mwanzoni mwa karne ya 20. Ukiiona, unaona kitabu, huoni kompyuta. Tatizo likawa Kiswahili. Kiarabu hakina p wala ch, na orodha nzima imejaa "mpaka", "pembeni", "chini ya mchungwa". Kwenye kibodi ya Kiarabu hatukuziona herufi hizo popote. Binti akafungua folda moja ndani ya mfumo akatuonesha kwamba mpangilio wa kibodi ni faili la maandishi tu, mstari kwa mstari, kitufe hiki kitoe herufi hii. Tukanakili la Kiarabu, tukaliharibu mara mbili, mara ya tatu tukapata pe kwenye kitufe cha P na che jirani yake. Jumamosi mbili zilikwenda hapo. Furaha ya siku hiyo ilikuwa kama ya karatasi ya kwanza ya printa.

Nikachapa orodha yote. Nikaitoa kwa karatasi nzito. Mzee akaja, akavaa miwani, akasogeza ukurasa mbali, akasema, "Hizi herufi nazijua, ni za vitabu vya Misri." Nikavimba kichwa. Kisha kidole chake kikasimama.

"Hapa umeandika nini?"

"Mpaka, babu."

"Naona. Lakini marehemu hakuandika hivi. Yeye aliweka ba."

Nikatazama karatasi ya zamani. Ba. Kila penye p, ba. Kila mahali. Watu wa zama zake waliandika ba na wakasoma b, au p, au mb, kwa kuijua lugha yao. Herufi tuliyoihangaikia wiki mbili haikuwemo kwenye kazi tuliyopewa. Tuliiweka sisi, tukamsahihisha marehemu bila ya ruhusa. Na mimi, niliyenuna Jumamosi ya kwanza kwa sababu hakuna aliyeniuliza nafanya kazi gani, nilikuwa nimekaa na mzee dukani robo saa nzima na sikumuuliza swali hata moja.

"Irudishe alivyoandika," akasema, kwa upole ulioniumiza zaidi. "Wajukuu wakishindwa kusoma watakuja kuniuliza. Ndiyo nitakavyo."

Nikairudisha. Ilichukua jioni moja, pe kwa pe, maana kubadilisha zote kwa mpigo nilikataa, nilitaka kuziona. Sikumlipisha, akaniletea pishi ya mchele wa Pemba, ugomvi wa pili.

Faili la kibodi bado tunalo, pe iko kwenye P. Anayelitaka aje na flashi yake, hata ikiwa na virusi. Jumamosi hii tupo baada ya alasiri kama kawaida, na mwenye kebo ya printa ya ziada aje nayo, ya kikundi haionekani tokea wiki iliyopita na kila mtu anaapa hakuichukua.